Uduvi wa Damian

Shinyanga,
9 Aprili 1978

Binti yangu Salvina,

Marahaba. Shikamoo yako ilifika pamoja na barua ya Pasaka, nami niliiitikia kwa sauti hapa sebuleni, maana salamu haina budi kujibiwa hata kama aliyeitoa yuko Runzewe. Sisi hatujambo. Mama yako mkubwa Eufrasia anaendelea na moyo wake ule ule. Kuna siku anapika mwenyewe, na kuna siku namkalisha chini kabla hajafika jikoni. Daktari amekataza habari za kumshtua. Nakukumbusha kwa sababu barua zako zote namsomea. Yeye hasomi, na hakubali nimpe muhtasari. Anataka neno kwa neno, na nikimeza neno hunitazama.

Umeuliza, "Uduvi wa Damian umekua?" Nilikufundisha darasa la nne na sikukufundisha hivyo. Uduvi ni kiumbe. Kiumbe huchukua a- na wa-. Andika: uduvi wamekua. Hata mfu hapotezi a- yake. Hatusemi marehemu linazikwa, tunasema anazikwa.

Basi, wamekua. Tangi la kioo liko palepale mwanangu alipoliweka, karibu na dirisha la mashariki, na majani ya majini aliyoyapanda ndani yamejaa hata uduvi wanapita kama watu msituni. Natimiza masharti yake yote. Maji ya bomba nayalaza mtungini kwanza, ndipo niyamimine kidogo kidogo. Chombo cha shaba hakiyagusi, wala mkono wenye sabuni. Chakula chao ni jani kavu la mpera, na unga kidogo wa ganda la yai ili wapate magamba magumu. Zaidi ya hapo wanajitafutia, kwani uduvi hula kilichooza na kilichokufa, na kwa kazi hiyo maji yao hubaki safi. Jirani yetu Nassibu, yule muuza taa, hupita na kuuliza, "Mwalimu, hao wanaliwa lini?" Namjibu kwamba hata yeye naweza kumwuliza vivyo hivyo juu ya kuku wake wanaokufa kwa uzee.

Lakini nakuandikia kwa sababu nyingine. Tangu Januari Damian hajaandika. Aliniachia viumbe hawa akasema, "Baba, nitunzie mpaka nirudi." Wiki ile ya kwanza, yeye akiwa bado hapa, niliona mmoja amelala kwenye changarawe, mtupu, mweupe, nikamwambia amekufa. Alicheka sana. Alisema, "Baba, unaililia nguo. Mwenyewe ameivua." Akaliinua lile gamba dirishani. Gamba tupu hupitisha mwanga, na mwenye gamba amejificha chini ya majani akingoja ngozi mpya ikomae. Aliyekufa kweli hapitishi mwanga. Huwa mwekundu kama aliyepikwa.

Wewe na mumeo Mageni mko karibu naye. Mageni anachimba dhahabu pamoja naye. Niambie yuko wapi.

Baba yako mkubwa,
Ansgar Kamili


Runzewe,
28 Mei 1978

Baba Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Na mama mkubwa mwambie mwangaluka mayu, binti yake wa Runzewe anamsalimu kwa Kisukuma chake kibovu cha Kisumbwa.

Sisi tuzima. Mvua za mwaka huu zilikuwa kali, daraja lilikwenda na maji, na barua zinalala Ushirombo misheni mpaka apatikane mwenye baiskeli. Mahindi yameota vizuri. Mama Theopista wa nyumba ya pili amejifungua mapacha, kijiji kizima kimekwenda kucheza.

Mageni mwili hajambo. Ameacha kwenda machimboni. Anakaa nyuma ya nyumba anachonga mipini ya majembe, hakuna aliyeiagiza, sasa imejaa ukutani kama kuni. Nikimwambia, "Baba, njoo ule," anasema, "Nakuja," na haji.

Kaka Damian, watu wanasema alikwenda upande wa Kharumwa. Baada ya mvua ile machimbo yalifungwa na kila mtu akashika njia yake. Mambo ya duara ndivyo yalivyo, Baba Mkubwa.

Nafurahi kwamba uduvi wamekua. Nimeandika sahihi?

Binti yako,
Salvina


Shinyanga,
2 Julai 1978

Binti yangu Salvina,

Marahaba, na mama yako amecheka kwa Kisukuma chako. Jambo hilo peke yake lilinifaa kuliko dawa. Wape pole na hongera waliopata mapacha.

Umeandika sahihi. Lakini umeandika pia "watu wanasema". Watu gani? Kitenzi kinataka mtendaji, na "watu" ni mtendaji anayejificha. Na "duara" ni umbo, kama la sahani au la jua. Chimbo ni shimo. Andika shimo.

Nina habari mbaya. Uduvi wote wamekufa. Mama yako alitaka kioo kiwe safi ili Damian akirudi akute kinang'aa. Alichukua kitambaa kilichokuwa nyuma ya mlango, nacho kumbe ndicho nilichofutia bomba la kunyunyizia dawa ya wadudu wa pamba. Alipangusa kwa nje, kisha akachovya mkono na kupangusa kwa ndani. Hadi wakati wa chai walikuwa wote chini, wekundu. Niliwainua mmoja mmoja dirishani. Hakuna aliyepitisha mwanga.

Hakulia. Aliketi mbele ya tangi akasema, "Sasa tutamwambia nini?" Tangu siku hiyo hali chakula vizuri, na anasema kwamba nimempokonya mwanawe kitu cha kumrudisha nyumbani, ingawa kitambaa alikichukua yeye. Sikubishana naye.

Nimelimwaga tangi, nimesuuza changarawe kwa maji matupu mara nyingi, nimepanda upya. Sasa lina majani na maji, halina kiumbe. Nakuomba kitu. Damian aliniandikia zamani kwamba kijito cha huko machimboni kina uduvi, na kwamba wa kwanza aliwavua hapo. Tafadhali nivulie wengine. Watie katika chupa pana yenye maji yao wenyewe na gugu moja la kushikilia, usiwajaze, usifunge kifuniko kwa nguvu, kwani nao wanapumua. Fanya hivyo kwa ajili ya moyo wa mama yako.

Na umtafute Damian huko Kharumwa.

Baba yako mkubwa,
Ansgar Kamili


Runzewe,
17 Septemba 1978

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Mama mkubwa namsalimu sana. Sisi tuzima, jua ni kali, ng'ombe wanakwenda mbali kunywa.

Nisamehe kwa kuchelewa. Kijito kimekauka tangu Julai, kimebaki mchanga na nyayo za mbuzi. Nilizunguka siku nyingi kabla sijapata mahali penye maji. Uduvi nimewapata. Nimewavua kwa kitenge, wako wengi, wanene, maji yenyewe ni matulivu na safi ajabu. Anakuletea Akida, dereva wa lori la pamba, mtu mwaminifu. Nimemwambia chupa aiweke miguuni pake wala asivute sigara juu yake. Amesema, "Mama, nimebeba maharusi, nimebeba majeneza, nitashindwa na dagaa?" Nikamwambia si dagaa.

Ndani ya kifurushi kuna shati la kaka Damian, lile la mistari ya buluu. Lilikuwa limetundikwa mtini pale alipokuwa akifanyia kazi. Nimelifua.

Unauliza yuko wapi. Yumo machimboni.

Salvina


Shinyanga,
29 Oktoba 1978

Binti yangu Salvina,

Marahaba. Hukusema habari za Mageni katika barua yako, kwa hiyo nauliza mimi: anakula?

Akida alifika akiwa amekumbatia chupa kama mtoto mchanga. Niliiweka chupa ndani ya tangi na kuiacha hapo, nikawa naongeza maji ya kwetu kijiko kwa kijiko mpaka maji mawili yakazoeana, kama alivyonionyesha mwenyewe. Waliokufa njiani ni wachache. Mama yako amerudi kula. Ukiingia sasa utamkuta ameketi mbele ya kioo na ukindu wake, anasuka, anaimba ule wimbo aliombembelezea Damian.

Hawa si kama wale wa kwanza. Wale walikuwa wakitawanyika kila mahali na kukimbia kivuli cha mkono. Hawa hawakimbii. Mama yako akianza kuimba, hutoka majanini wote pamoja na kusimama kwenye kioo upande wake, wakichezesha miguu ya mbele kana kwamba wanafuma kitu. Akinyamaza, wanarudi. Nimemweleza kwamba ni mwanga wa dirisha. Amenijibu kwamba ameimba pia siku za mawingu.

Shati nimelipokea. Mama yako alilinusa, akasema sabuni haikufika kwenye kola, pananuka udongo mbichi. Nilimkumbusha maneno ya mwanawe: hiyo ni nguo, na mwenyewe ameivua. Aliivua kwa sababu ya joto, akaondoka na nyingine. Shati hilo ni gamba. Nililiinua dirishani, na mwanga ulipita.

Sasa sarufi. Umeandika, "Yumo machimboni." Kwanza uliandika kwamba alikwenda Kharumwa, mtu hawezi kuwa mahali pawili. Pili, nilikufundisha kwamba -po ni mahali tunapopajua, -ko ni mahali pa mbali au tusipopajua, na -mo ni ndani ya kitu. Maji yamo mtungini. Uduvi wamo tangini. Mtu yuko machimboni. Hayumo machimboni, isipokuwa kama unataka kusema jambo jingine, nami najua hutaki kulisema. Nakurudishia barua yako. Nimeisahihisha kwa wino mwekundu. Nilipomsomea mama yako nilisoma "yuko".

Na uniambie uduvi hawa umewatoa maji gani. Damian alizoea kusema kwamba ukiyajua maji yao umewajua wenyewe.

Baba yako mkubwa,
Ansgar Kamili


Runzewe,
14 Januari 1979

Baba Mkubwa,

Shikamoo kwako na kwa mama. Heri ya mwaka mpya. Vijana wengi wamechukuliwa kwenda vitani, barabara imejaa magari ya jeshi, barua zitachelewa.

Mageni anakula kidogo. Aliuona ule wekundu juu ya barua yangu akauliza ni damu ya nini. Nikamwambia si damu, ni sarufi. Akasema, "Sarufi ya Baba Mkubwa inachinja." Ndiyo mara ya kwanza nimemsikia akitania tangu masika.

Umeuliza wametoka maji gani. Wametoka katika duara la Mageni. Najua umesema niandike shimo, lakini shimo ni lolote lile, hata la panya. Duara ni lile ambalo watu wanashuka kwa kamba, lina matimba ya kuzuia kuta, na lina majina ya waliolichimba. Mwezi wa Machi mwaka jana kijito kilivunja ukingo kikaingia humo. Uduvi waliingia na maji. Maji hayakutoka tena. Kijito kilipokauka, pakabaki hapo tu.

Baba Mkubwa, aliyenifundisha -mo ni wewe. Ulituweka mstari mmoja, ukamwingiza Donatus ndani ya kabati la vitabu ukafunga mlango, ukatuuliza, "Donatus yuko wapi?" Wote tukasema yuko kabatini. Ukatuchapa. Ukasema, "Ameingia mbele ya macho yenu, na mlango umefungwa. Yumo."

Sikukosea.

Salvina


Shinyanga,
11 Machi 1979

Salvina,

Marahaba. Mama yako ni mzima kiasi.

Barua yako ya Januari nimeisoma. Sikumsomea yote. Nilisoma habari za magari ya jeshi na mzaha wa Mageni, na nilipofika kwenye duara nilikohoa na kukunja karatasi. Alinitazama kama anavyonitazama siku zote nikimeza neno.

Sasa nisikilize. Nassibu ana mpwa wake anayeendesha gari huko Mwanza, naye amesema aliona vijana wa machimboni wakipakiwa wengi katika gari la mgambo, na mmoja wao alikuwa mrefu, ana pengo la jino la mbele, na hakuvaa shati. Damian ana pengo. Vita vitakwisha na watu watarudi. Mtu aliye vitani haandiki barua. Anahama kila siku, na hata akiandika, barua hupitia mikono mingi. Hii ndiyo sababu ya kimya chake. Nataka uipokee sababu hiyo kama nilivyoipokea mimi.

Nimekwisha kuisahihisha barua ya pili pia, na hii hapa. Yuko. Usiniandikie tena lile neno lingine. Sikuombi kama baba yako mkubwa. Nakuagiza kama mwalimu wako.

Umetaka pia kujua habari za uduvi, ingawa hukuuliza. Wanaongezeka. Majike wamebeba mayai tumboni, ya kijani, na wanayapepea kwa miguu mchana kutwa yasikose hewa. Natoa maji kidogo na kuongeza kidogo, maana maji wakibadilishiwa ghafla hushtuka na kuvua magamba kabla ya wakati, na mwili usiokuwa tayari haupati gamba jingine. Juzi mama yako aliwaangushia samaki mkavu, kipande cha furu. Nilitaka kukitoa kisije kikachafua maji, lakini wakawa wamekwisha kukifunika. Asubuhi ulibaki mfupa peke yake, mweupe, safi, kila mwiba mahali pake, kana kwamba umeoshwa na mtu mwenye upole mwingi na muda mwingi.

Niliutazama mfupa ule kwa muda mrefu. Kisha nilitoka nje, nikakaa kwa Nassibu, naye aliniuliza kama ninaumwa.

Ansgar Kamili


Runzewe,
10 Juni 1979

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Mama mkubwa shikamoo.

Wanasema vita vimekwisha. Wa kwetu wameanza kurudi, wamechoka, wamekonda. Mapacha wa Mama Theopista wanatembea. Nimekwenda kituoni kila lori lilipopita, Baba Mkubwa, ili nisije nikasema kwamba sikwenda. Niliwauliza waliorudi. Kulikuwa na mtu mrefu mwenye pengo, ndiyo. Anaitwa Kamugisha, mtu wa Biharamulo. Amerudi salama.

Uliniagiza niandike yuko. Nimejaribu. Nimechana karatasi tatu, na karatasi hapa hazipatikani. Yuko ni neno la mtu anayeweza kuondoka.

Wanaume walikubaliana wasiseme, kwa sababu duara halikuwa na kibali, na Mageni ndiye mwenye duara. Ningesema, wangemfunga. Nisingesema, ningekuona wewe ukiendelea kulaza maji mtungini. Ndiyo maana barua zangu zilikuwa fupi. Sasa Mageni mwenyewe ameniambia, "Mwandikie. Nifungwe." Amekaa hapa mlangoni ninavyoandika.

Siku ile maji yalipoingia, kamba ilimleta Mageni juu. Chini kulikuwa na mtu nyuma yake aliyemsukuma miguu ili apande kwanza. Kamba iliporudishwa, hakuna aliyeishika.

Mageni anakwenda huko kila Jumapili baada ya misa. Anakaa ukingoni anaita jina. Nami nilikwenda naye. Maji ni safi, unaona mpaka timba la tatu, chini yake ni giza la kijani. Majani yameota ukutani. Uduvi wamejaa kama pumba mbele ya mashine. Hakuna harufu, Baba Mkubwa. Haijawahi kuwapo harufu hata siku moja, hata katika juma lile la kwanza. Mageni alipoita jina, walikuja wote juu.

Kitenzi sitakiandika. Vitenzi ni vyako. Mimi naandika tu ulichonifundisha.

Yumo.

Binti yako,
Salvina


Shinyanga,
2 Novemba 1979
Siku ya Marehemu Wote

Binti yangu Salvina,

Marahaba, mwanangu. Msalimu Mageni. Mwambie aache kuchonga mipini. Hapa Shinyanga wakulima wanaitafuta, Akida aje aichukue. Mwambie pia kwamba hakuna barua itakayotoka katika nyumba hii kwenda kwa mtu yeyote kuhusu kibali. Aliyemsukuma miguu hakufanya hivyo ili afungwe.

Barua yako ilikaa mfukoni mwangu tangu Julai. Nilimwambia mama yako kwamba posta imesimama. Juzi alinitaka nimsomee. Nikamwuliza nisome nini. Akasema, "Hiyo unayoishika mfukoni ukijifanya unashika kifua." Niliisoma. Nilifika kwenye kamba na sikukohoa. Nilifika kwenye neno la mwisho nikalisoma kama lilivyoandikwa.

Nilimshika mkono kwa ajili ya moyo wake. Alinishika wangu kwa ajili ya moyo wangu. Kisha akasema, "Leo umesoma vizuri. Zile za nyuma ulikuwa unameza neno."

"Neno gani?"

"Mo. Unadhani mimi sijui? Kwa Kisukuma chetu pia, mu ni ndani. Unadhani Mungu aliwapa walimu peke yao neno la ndani?"

"Tangu lini umejua?"

"Tangu shati. Mtoto wangu haendi safari bila shati, mimi ndiye niliyemlea. Nilikungoja wewe, Baba Damian. Nilisema huyu akivunjika mbele yangu, nani atalaza maji mtungini?"

Ndivyo alivyosema. Daktari alikataza habari za kumshtua yeye. Hakuna aliyekumbuka kuuliza juu yangu.

Baadaye aliketi mbele ya tangi bila kusuka. Akaniuliza swali ambalo nilikuwa nimelikimbia tangu ule mfupa wa furu. Aliuliza, "Na nani alimwosha?" Unajua ilivyo kwetu. Mtu haendi bila kuoshwa. Hata maskini ana ndugu wa kushika beseni. Mwanangu hakuwa na baba wala mjomba wala beseni. Niliinua mkono nikaonyesha kioo.

Alitazama. Hakuwa anaimba, na siku yenyewe ilikuwa ya mawingu, lakini walikuwa wametoka wote wamesimama upande wake, wakichezesha ile miguu ya mbele. Nilidhani ataniambia niwamwage. Akasema, "Mikono yao ni midogo. Basi walichukua muda." Halafu akasema, "Wasikose maji safi hawa. Wasikose kitu katika nyumba hii."

Hawatakosa. Masharti ni yale yale: maji ya kulazwa, jani la mpera, ganda la yai, shaba isikaribie. Watoto wao wametoka mayaini, wadogo kama nukta, wanapitisha mwanga mwili mzima.

Mvua zikichelewa mwezi huu tutapanda lori la Akida, mimi na mama yako. Ameng'ang'ania. Tutakuja na shati, na padre wa Ushirombo nimekwisha kumwandikia. Usimruhusu mtu yeyote kulifukia duara kabla hatujafika, wala baada. Wala usiweke mtu wa kulipulizia dawa ya mbu. Na mimi sasa naandika duara.

Nakurudishia tena barua zako mbili nilizozisahihisha, ulizozifunga pamoja na ile ya Juni. Nimeukwangua wino mwekundu kwa wembe kadiri karatasi ilivyovumilia. Mahali pamoja imetoboka, uniwie radhi. Ukiinua karatasi dirishani utaona mwanga unapita pale neno "yuko" lilipokuwa.

Jambo la mwisho ni la sarufi. Mtu mwingine angeniandikia "umo", kama wasemavyo juu ya mwili, au "imo", kama wasemavyo juu ya maiti. Wewe, mara zote, hata nilipokukemea, uliandika kwa yu-, ya mtu. Kiumbe hakupoteza nafsi yake mkononi mwako. Nimefundisha miaka thelathini, na nilikuwa nikingoja mwanafunzi mmoja aiweke vile bila kuambiwa.

Mwanangu Damian yumo.

Sentensi ni sahihi.

Baba yako mkubwa,
Ansgar Kamili